Kompyuta ya Steshenari na Programu Ambazo Hazikuitwa

Wiki ya mwisho ya maombi ya mikopo ya elimu ya juu, steshenari moja hapa mtaani kwetu Izia ilikuwa na foleni ya vijana mpaka barazani, kila mmoja na bahasha yake ya vyeti. Kompyuta ilikuwa moja. Kila baada ya dakika mbili, pembeni chini kulia, kilichomoza kidirisha chekundu: kompyuta yako ina virusi vitano, bofya hapa. Mama mwenye duka akanipigia. "Fundi, njoo, virusi vimenimaliza."

Vidirisha vile havikuwa virusi. Vilikuwa arifa za tovuti ya kupakulia filamu, ambayo mtu fulani aliyewahi kukaa kwenye kiti kile aliiruhusu kwa mbofyo mmoja. Niliandika chrome://settings/content/notifications kwenye kivinjari, nikaiondoa tovuti ile kati ya zilizoruhusiwa, kelele zikakoma. Lakini kabla ya kunipigia, mama yule alikuwa amekwisha kubofya "hapa", na programu zilizopakuliwa ndizo zilizonikalisha pale mpaka jioni.

Programu za aina hii hazivunji mlango. Mkulima wa huku Ufipa anamjua dumuzi, mdudu wa mahindi: huja ndani ya gunia ulilolipokea mwenyewe kwa mikono miwili. Unatafuta programu ya kusomea PDF, unaipakua kwenye tovuti isiyo ya mtengenezaji, na katikati ya usakinishaji kuna visanduku vilivyokwisha kuwekewa tiki kwa ajili ya programu nyingine tatu. Unabofya endelea, endelea, maliza. Kwa maandishi, umekubali. Ndiyo maana wataalamu huziita kwa upole programu ambazo huenda hazitakiwi. Waliozizuia wamewahi kufikishwa mahakamani. Kampuni ya Marekani iitwayo Zango iliishtaki Kaspersky kwa kuizuia programu yake, na mahakama ya rufani ikaipa Kaspersky ushindi mwaka 2009.

Wala mchezo huu si wa vichochoroni tu. Kwa miaka kadhaa kisakinishi cha Java cha Oracle kilikuja na upau wa kutafutia wa Ask. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba Lenovo ilikuwa imeuza laptopu zenye Superfish tangu kiwandani, programu iliyochomeka matangazo kwenye kurasa na kuutoboa ulinzi wa mawasiliano ya siri.

Kwa mtu anayenunua bando, dalili ya kwanza ni bando lenyewe. Shikilia kitufe chenye nembo ya Windows, bonyeza R, andika ms-settings:datausage. Utaona kila programu imekula kiasi gani. Jina usilolijua likiwa juu kwenye orodha, umempata dumuzi wa kwanza.

Kisha bonyeza tena kitufe cha Windows na R, andika appwiz.cpl. Bofya juu ya safu ya tarehe ili orodha ijipange kwa siku ya kusakinishwa. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pengine pote, kwa sababu zilizoingia na gunia moja hubeba tarehe moja. Pale steshenari, programu nne zilikuwa na tarehe ya siku ile ile: ya "kuharakisha kompyuta", ya "kusasisha draiva", kivinjari kigeni na upau wa kutafutia. Nilizitoa moja moja, nikisoma kila neno, maana nyingi hukuwekea kitufe kikubwa cha kijani cha kubakiza na maandishi hafifu ya kuondoa. Zile zenye jina Microsoft Visual C++ ziache hata zikiwa kumi. Programu nyingine zinazitegemea.

Zikirudi baada ya kuwasha upya, tafuta zilikoacha ufunguo. Angalia viongezo vya kivinjari kwa chrome://extensions. Bofya kulia aikoni ya kivinjari, tazama sifa zake: kama baada ya chrome.exe kuna anwani ya tovuti ambayo hukuiweka wewe, ifute. Kivinjari kikisema kinasimamiwa na shirika ilhali kompyuta ni yako, chrome://policy itakuonyesha amri zilizopachikwa. Mwisho, taskschd.msc, orodha ya kazi zilizopangiwa muda. Humo ndimo kivinjari kile kigeni kilikuwa kimejiandikia kurudi kila saa.

Kwa masalia natumia AdwCleaner. Ni ya bure, haihitaji kusakinishwa na inakaa kwenye flashi. Ilianza kama kazi ya Mfaransa mmoja, na tangu 2016 ni ya Malwarebytes. Ipakue kwao tu.

Linaloniuma zaidi ni jingine. Nilipofungua ulinzi wa Windows nikakuta diski C yote imewekwa kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa. Hilo mara nyingi ni kazi ya kreki, programu ya kuiamsha Windows bila leseni, ile inayohama flashi kwa flashi: hukuambia uzime kinga kwanza, halafu haikukumbushi kuiwasha. Sisi mafundi ndio tunaoisambaza. Mimi pia niliisakinisha kwa wateja miaka ya mwanzo, na nilikosea. Kompyuta ya steshenari si ya mtu mmoja. Humo zinapita namba za vitambulisho vya NIDA, vyeti na nywila za Ajira Portal za mji mzima.

Niliiondoa diski C kwenye orodha ile, nikafungua PowerShell kama msimamizi na kuandika Set-MpPreference -PUAProtection 1, amri inayoifanya Windows izuie programu za aina hii. Kwenye mashine nyingi tangu Agosti 2021 ulinzi huu huja umewashwa, ila ukishazimwa na mtu, haurudi wenyewe. Windows 10 ya pale, iliyokoma kupata masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, nimempa mama mpango wa kuihama.

Giza lilikuwa limeingia na vijana saba bado wako barazani. Kabla ya kumrudishia mama kiti chake nilifuta nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, kisha tukakaa naye kwenye daftari la wateja, tukawapigia waliotuma maombi wiki ile, mmoja baada ya mwingine, wabadilishe nywila zao kwa simu zao wenyewe.