Perovskaiti: Ufanisi Umepanda, Uimara Je?



Mwaka 2008 Vatikano iliweka paneli za jua zipatazo 2,400 juu ya paa la Ukumbi wa Paulo VI. Juni 2024, kwa barua yake Fratello Sole, yaani Ndugu Jua, Baba Mtakatifu Fransisko aliagiza kijengwe kituo cha umeme wa jua huko Santa Maria di Galeria, nje ya Roma. Ile sola iliyo juu ya bati la nyumba kijijini ni ndugu wa zile za Ukumbi wa Paulo VI: karibu paneli zote zinazouzwa duniani hutengenezwa kwa silikoni. Hapa tunaitazama malighafi ambayo watafiti wanataka kuiweka pamoja na silikoni, au hata mahali pake.

Silikoni inatokana na mchanga, lakini safari yake ni ya gharama. Ni lazima isafishwe sana na kuyeyushwa katika joto linalozidi nyuzi 1,400 za Selsiasi. Tena hufyonza mwanga polepole, kwa hiyo kipande chake huhitaji unene wa kama nywele mbili. Perovskaiti ni aina ya chumvi. Huyeyushwa katika kimiminika, hupakwa juu ya kioo kama rangi, kisha hukaushwa kwa joto la nyuzi 100 hivi. Tabaka lake halifiki hata sehemu moja ya mia ya unene wa silikoni, na bado linanasa mwanga vizuri.

Jina hilo lina historia inayotupendeza sisi tunaosoma falsafa. Mwaka 1839 Mjerumani Gustav Rose alichunguza jiwe kutoka Milima ya Ural, Urusi, akalipa jina la Lev Perovski, ofisa wa Urusi aliyekuwa mkusanyaji wa madini. Jiwe lenyewe halitumiki katika seli hizi. Kilichobaki ni mpangilio wa atomu zake. Leo chochote chenye mpangilio ule huitwa perovskaiti, hata kama hakina atomu moja ya jiwe la Rose. Aristotle angesema maada imebadilika, umbo limebaki. Na watafiti hutumia jambo hilo hilo: wakiondoa sehemu ya iodini na kuweka bromini, umbo linabaki lakini rangi ya mwanga unaofyonzwa inabadilika.

Hapo ndipo ilipo faida kubwa. Perovskaiti huwekwa juu ya silikoni. Ya juu inachukua mwanga wa buluu na kijani, wa chini unaopita, mwekundu na ule usioonekana, unachukuliwa na silikoni. Silikoni peke yake haiwezi kuvuka asilimia 29 hivi ya nguvu ya jua, kwa sababu za kimaumbile. Seli za tabaka mbili tayari zimevuka asilimia 33 maabara. Ikumbukwe kwamba mwaka 2009, Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani walipojaribu perovskaiti kwenye seli ya jua, walipata asilimia 3.8 tu. Mwaka 2024 kampuni ya Oxford PV ilianza kupeleka paneli za namna hii kwa mteja Marekani.

Lakini rekodi za maabara hupatikana kwa kipande kidogo, mara nyingi kidogo kuliko ukucha, na kwa maoni yetu si namba ya kwanza ya kuuliza. Paneli ya silikoni huuzwa na dhamana ya miaka 25. Perovskaiti, kwa kuwa ni chumvi, huharibiwa na unyevu, joto na mwanga wenyewe. Kipimo kimojawapo cha kimataifa huiweka paneli saa 1,000 kwenye joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85. Anayeishi Tanga au Mombasa anaelewa mara moja kwa nini.

Kuna jambo zito zaidi. Perovskaiti zinazofanya vizuri zina madini ya risasi. Kiasi ni kidogo: kama gramu moja au pungufu kwa meta moja ya mraba, ilhali betri ya gari ina kilo kadhaa. Tofauti ni kwamba risasi hii iko katika chumvi inayoyeyuka kwenye maji. Kioo kikipasuka, mvua inaweza kuibeba hadi kisimani. Huko Owino Uhuru, Mombasa, watu waliathiriwa na risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea kupanda hadi Mahakama ya Juu. Watoto ndio huumia zaidi, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo unaokua. Kwa hiyo swali la nani atazikusanya paneli zilizochakaa lapaswa kujibiwa kabla hazijashushwa bandarini.

Watafiti wametengeneza matabaka yanayoinasa risasi paneli ikivunjika. Wengine wanajaribu kuweka madini ya bati badala yake. Bati halina sumu kama ile, ila likikutana na hewa hushika oksijeni haraka na seli hudhoofika, na ufanisi wake bado uko nyuma ya ule wa risasi.