Ritifaa Inayoliwa na Kompyuta

Katika shule yoyote ya Migori au Homa Bay, si ajabu kumkuta Achieng' na Onyango wameketi dawati moja. Majina haya mawili ni miongoni mwa yale yanayotumika sana katika nchi ya Wajaluo, na yote mawili yanahusu saa ya kuzaliwa: Achieng' ni msichana aliyezaliwa jua likiwa juu, na Onyango ni mvulana aliyezaliwa kabla ya adhuhuri. Yote mawili pia yana herufi n na g zikifuatana. Lakini sikio la mwenyeji halidanganyiki. Katika Onyango, g inasikika waziwazi kama inavyosikika katika ngoma. Katika Achieng' hakuna g hata chembe. Kuna sauti moja tu ya puani, inayotamkiwa nyuma kwenye kaakaa laini, ile ile tunayoisikia mwanzoni mwa ng'ombe. Tofauti hiyo huonyeshwa kwa alama moja ndogo inayoning'inia juu ya mstari, nayo ni ritifaa.

Ndiyo alama ninayotaka kuizungumzia leo, ndugu msomaji, kwa sababu kompyuta za afisi zetu zimezoea kuila.

Ritifaa ya ng' si pambo, wala si alama ya kituo kama koma na nukta. Ni sehemu ya herufi. Katika Kiswahili, ngoa ni tamaa au wivu, ilhali ng'oa ni kukitoa kwa nguvu kitu kilichojikita. Katika Kijaluo, ng'ato ni mtu, ng'eyo ni kujua na ng'iewo ni kununua. Ni vigumu kuizungumza lugha hiyo kwa dakika moja bila kuitumia sauti hii. Aidha, Kijaluo huiweka hata mwishoni mwa neno, jambo ambalo Kiswahili hakilifanyi, na ndiyo maana mwalimu mgeni kutoka pwani anapolikuta jina Achieng limeandikwa bila ritifaa hutatizika asijue aishie wapi. Hata majina ya mahali hayakusalimika. Rang'we ni eneo mashuhuri katika kaunti ya Homa Bay. Orodha nyingi rasmi huliandika Rangwe, na mtangazaji asiyelijua hulisoma kama lilivyoandikwa.

Ni haki kukiri kwamba masaibu ya sauti hii ni makongwe kuliko kompyuta. Waandishi wa zamani wa Kiswahili, walipotumia hati za Kiarabu, waliibebesha ghaini mzigo wa gh, g, ng na ng', wakamwachia msomaji kazi ya kubainisha. Mwaka 1927, taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Kiafrika iliyokuwa London ilichapisha mapendekezo ya tahajia ambamo sauti hii ilipewa herufi yake pekee, n yenye mkia, yaani ŋ. Waganda na Waacholi waliipokea. Sisi hatukuipokea. Kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilibaki na ng', nacho Kijaluo cha Kenya kimeandikwa kwa njia hiyo hiyo. Sababu yamkini haihitaji kutafutwa mbali: taipureta haikuwa na ŋ, lakini ilikuwa na ritifaa. Tulichagua alama ambayo mashine ya wakati huo iliijua. Hapana aliyebashiri kwamba mashine itakayoifuata ingeigeuka.

Kwa nini basi kompyuta iikatae alama iliyomo kwenye kibodi yake? Walimu wengi huambiwa na makarani kwamba "mfumo haukubali", na jambo likaishia hapo, kana kwamba mfumo ni mvua au kiangazi. La hasha. Sababu inaeleweka, na ni vyema ieleweke.

Taarifa za majina huhifadhiwa katika hifadhidata, na hifadhidata nyingi huulizwa maswali kwa lugha iitwayo SQL, ambayo chanzo chake ni kazi iliyofanywa katika kampuni ya IBM miaka ya 1970. Katika lugha hiyo, neno lolote linalotafutwa au kuandikwa hufungwa baina ya ritifaa mbili, mithili ya barua ndani ya bahasha. Sasa mwandikie jina Nyong'o. Mashine huiona ritifaa iliyo katikati, ikadhani bahasha imefungwa. Jina kwake limekoma kwenye Nyong, na ile o iliyobaki haijui ni amri gani. Hukwama. Mbaya zaidi, wadukuzi wamejua kwa miaka mingi kuitumia hitilafu hiyo kupenyeza amri zao ndani ya mifumo ya watu. Tiba zipo, nazo zinafundishwa kwa kila anayesomea kazi hiyo: kuirudufu ritifaa, au, lililo bora zaidi, kulipeleka jina kando na amri ili lisichanganywe nayo kamwe. Lakini kuna tiba ya tatu, ya mvivu, ambayo ni kuipiga marufuku alama yenyewe. Hiyo ndiyo iliyoenea.

Hata pale inapokubaliwa, haina amani. Programu ya Excel ina amri ya kuzipa herufi za kwanza za majina umbo kubwa. Amri hiyo huhesabu kuwa kila herufi inayofuata alama isiyo herufi ni mwanzo wa neno jipya. Ukiipa ang'awa hukurudishia Ang'Awa. Nimeziona orodha za darasa zilizojaa majina yaliyochanika hivyo katikati, na mwalimu aliyezichapa akidhani ni kosa la vidole vyake. Kisha kuna ritifaa iliyonyooka na ritifaa iliyopinda. Ile iliyonyooka ina nambari yake, 39, katika orodha ya herufi 128 iitwayo ASCII, ambayo toleo lake la kwanza ni la mwaka 1963. Ile iliyopinda, ambayo Microsoft Word huiweka yenyewe bila kuombwa kwa kuwa inapendeza machoni, ni herufi nyingine kabisa. Kwa jicho la binadamu ni kitu kimoja. Kwa jedwali la Excel ni vitu viwili, na anayemtafuta Achieng' kwa alama moja ilhali jina limeandikwa kwa nyingine ataambiwa hayupo.

Ikiwa mambo yangeishia kwenye urembo wa orodha, nisingekuchosha, ndugu msomaji. Hayaishii hapo. Mtoto huandikwa Achieng' na msaidizi wa chifu, kwa kalamu, kwenye karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Cheti chake cha kuzaliwa kikatoka na Achieng. Shuleni, karani akakumbuka kwamba kuna kitu juu ya mstari lakini mfumo ukamkatalia, akaacha nafasi mahali pake, na nafasi hiyo ikaligawa jina la babake kuwa mawili. Matokeo ya mtihani wa taifa yakafuata alivyosajiliwa shuleni. Kitambulisho kikafuata cheti cha kuzaliwa. Benki ikafuata kitambulisho. Siku ya kuomba mkopo wa masomo ya chuo kikuu, msichana huyu ni watu watatu. Atatumwa kwa wakili akaape kwa hati kwamba majina hayo yote ni yake mwenyewe. Nimewahi kusimama kwenye foleni ya afisi moja ambayo sitaitaja, nikamsikia kijana wa kompyuta akimweleza mwanamke wa makamo, kwa adabu zote, "Mama, mashine haikitaki hiki kidude cha juu, tukitoe tu." Mama yule akajibu, "Kitoe, mwanangu, mradi nirudi nyumbani." Nauli ya kutoka Mbita au Kehancha hadi makao makuu ya kaunti si jambo la kuchezea, na anayeiwaza nauli hawezi kuitetea fonimu.

Kuna wanaosema kwamba hili ni lalamiko la wasomi wasio na kazi. Husema: wako akina Achieng wengi walioamua wenyewe kuandika jina bila ritifaa, na hawajafa. Nakubali. Jina ni mali ya mwenyewe, na anayetaka kuliandika bila alama ana uhuru huo. Lakini uhuru wa kuacha si sawa na kunyang'anywa. Wengine husema kwamba matatizo haya ni ya lugha zetu changa zisizoandaliwa kwa teknolojia. Hao wangewauliza akina O'Brien wa Ireland, au akina D'Souza ambao asili yao ni Goa na ambao wameishi Nairobi na Mombasa kwa vizazi kadhaa. Nao wamekumbana na bahasha ile ile iliyofungwa kabla ya wakati. Ni kosa la mtunga programu, halina kabila.

Kwa maoni yangu, aliyepotoka zaidi ni mnunuzi wa mfumo. Kaunti, shule, vyama vya akiba na mikopo, hospitali na vyuo hununua programu kila mwaka, na katika masharti ya zabuni huuliza bei, kasi, usalama na muda wa matengenezo. Sijaona sharti linalouliza kama mfumo unaweza kuandika majina ya watu watakaosajiliwa. Ingekuwa jambo jepesi kabla ya kutia saini kumwambia muuzaji aandike mbele ya macho yenu majina matatu: Anyang' Nyong'o, aliyechaguliwa kuwa gavana wa Kisumu mwaka 2017 na ambaye jina lake lina ritifaa mbili, Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi aliyefariki mwaka 2025, ambaye jina lake lina ritifaa, irabu mbili zenye mawimbi juu, na neno wa linalopaswa kuanza kwa herufi ndogo, na Achieng', ambapo ritifaa iko mwishoni kabisa, mahali ambapo mifumo mingi huifuta ikidhani ni takataka. Mwite binti wa Nyong'o ukipenda: Lupita alipotunukiwa tuzo ya Oscar mwaka 2014, waandaaji wa Marekani walimudu kuliandika jina lake sawasawa.

Sheria nayo haikunyamaza. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kutaka taarifa zisizo za kweli au za kupotosha zinazomhusu na kumwathiri zisahihishwe au zifutwe. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 imerudia haki hiyo kwa wale ambao taarifa zao zimehifadhiwa na mashirika. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kufundishwa hayo katika kipindi kimoja, na kufundishwa kabla ya kusajiliwa kwa mtihani, maana kusahihisha jina baada ya cheti kuchapishwa ni safari nyingine ndefu.

Je, turudi kwenye ŋ? Baadhi ya wanaisimu wenzangu wangependa hivyo, na kwa upande wa nadharia wana hoja, kwa kuwa sauti moja ingepata herufi moja. Sikubaliani nao. Kibodi za simu zinazouzwa Oyugis na Awendo hazina ŋ mahali pa wazi, na vitabu vya miaka tisini vimekwisha kuandikwa kwa ng'. Anayeteseka leo kwa kukosa alama iliyomo kwenye kibodi hatasaidiwa kwa kupewa isiyokuwamo.

Lililo mikononi mwa mwalimu ni dogo na halina gharama. Azime katika Word ule mpangilio wa kuipinda ritifaa, kisha achape majina yote kwa ritifaa iliyonyooka. Walimu wakuu wana sababu ya ziada, ya kifedha. Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160 mradi zote ziwe katika orodha ya kawaida ya mitandao ya simu. Ritifaa iliyonyooka imo, iliyopinda haimo. Ikiingia hiyo iliyopinda hata mara moja, ujumbe mzima hubadilishiwa mfumo na nafasi hushuka hadi 70, na ujumbe mrefu zaidi hukatwa vipande vya 67. Kwa hivyo tangazo la mkutano wa wazazi lenye herufi 150, likinakiliwa kutoka Word na ndani yake mna neno ng'ombe au jina Achieng' kwa ritifaa iliyopinda, hutumwa vipande vitatu kwa kila mzazi, na shule hulipia vyote vitatu.