Uingereza: Jina la Walker halina maana ya mtembeaji

Wapenzi wa kandanda wanamjua Kyle Walker, beki wa Uingereza mwenye mbio. Aliyesoma Kiingereza kidogo atakuambia kwamba jina hilo maana yake ni "mtembeaji". Sivyo. Linatokana na kazi ngumu na yenye harufu mbaya: kukanyaga vitambaa.

Zamani, kitambaa cha sufu kilipotoka kwa mfumaji kilikuwa na mafuta ya kondoo, na nyuzi zake hazijashikana. Kilitiwa ndani ya beseni kubwa pamoja na maji, udongo wa kusafishia na mkojo uliochacha, ambao huondoa mafuta. Kisha watu waliingia miguu mitupu na kukikanyaga kwa masaa mengi, mpaka kikajikaza na kuwa kizito.

Kazi hiyo moja ilizaa majina matatu. Kaskazini mwa Uingereza mkanyagaji aliitwa Walker. Kusini-mashariki aliitwa Fuller, neno lenye asili ya Kilatini. Kusini-magharibi alikuwa Tucker, kutoka neno la kale lenye maana ya kutesa, maana kitambaa kiliteswa kweli. Mjini Exeter jengo la chama cha mafundi hao, Tuckers Hall, la mwaka 1471, lingali limesimama.

Lakini tangu karne ya 12, vinu vya maji vyenye nyundo za mbao vilianza kuchukua nafasi ya miguu. Wenye vinu walikuwa mabwana wa ardhi na monasteri, na kila aliyeleta kitambaa alilipa. Mjini St Albans, mkuu wa monasteri aliwalazimisha raia kutumia kinu chake. Wao waliendelea kukanyaga nyumbani, vitambaa vyao vikanyang'anywa. Mwaka 1274 walimpeleka mahakamani, na wanawake wakamlilia Malkia Eleanor awasaidie. Walishindwa.

Wakati huohuo, majina ya kazi yalikuwa yakigeuka majina ya familia. Mtoto wa Walker aliitwa Walker hata kama alikuwa mkulima au mwokaji mikate. Kufikia mwaka 1400 hivi, Waingereza wengi walikuwa na jina la kurithi. Hivyo miguu ilipoteza kazi yake kwa mashine, lakini jina lilibaki, na leo linasomwa mgongoni mwa jezi.