Betri ya Volti 48 kwenye Mota ya Volti 36

Mwenye baiskeli ya umeme ya volti 36, betri yake ikishachoka, huanza kuitamani ya volti 48. Humwuliza fundi: mota haitaungua? Hofu hiyo imeelekezwa pasipo pake. Mara nyingi kinachotangulia kufa ni kontrola, kile kisanduku cha bati kinachokaa kati ya betri na mota.

Mota ya kwenye habu ya gurudumu haina kitu cha kupima volti. Ndani mna koili za waya wa shaba, sumaku, na kwa kawaida vihisi vidogo vinavyoieleza kontrola sumaku zimefika wapi. Volti zikipanda, kasi ya kuzunguka hupanda karibu kwa uwiano uleule. Baiskeli iliyokuwa ikiishia kilomita 25 kwa saa kwenye tambarare itakaribia 33, ikiwa kontrola haikuwekewa kikomo cha mwendo.

Sasa fungua hicho kisanduku, baada ya kuchomoa betri. Utaona kapasita kubwa za mviringo, kila moja imeandikwa ubavuni volti inazoweza kubeba: 50, 63, pengine 100. Usisahau kwamba “48” ni jina tu. Betri hiyo ina seli 13 zilizofuatana, na kila seli ikijaa hufika volti 4.2, yaani jumla 54.6. Ya volti 36 ina seli 10 na hujaa kwenye 42. Kwa hiyo kapasita ya volti 50, iliyokuwa salama kabisa jana, leo imepitwa kabla hata hujapanda baiskeli. Soma pia namba za transista zilizobanwa kwenye bati la kupoza. IRF3205 mwisho wake ni volti 55, na kila inapokata umeme kwenye koili volti huruka juu kidogo. Hapo haina nafasi ya kupumua. 75NF75 hubeba 75, IRFB4110 hubeba 100. Ukikuta kapasita za 63 na transista za 75, kontrola hiyo ina nafasi, ingawa bado utahakikisha kifaa kinacholisha umeme taa na kioo cha dashibodi nacho kinamudu. Ukikuta 50 na 55, nunua kontrola nyingine iliyotengenezwa kwa volti 48. Hakuna ujanja mwingine hapo.

Wengi wanaotaka volti zaidi, ukiwasikiliza vizuri, shida yao ni mlima. Wanakosea dawa. Nguvu ya mota kuvuta kutoka mwendo wa chini hutokana na ampea zinazopita kwenye koili. Kama kontrola inaruhusu ampea zilezile kwenye nyaya tatu nene za mota, kilima kilichokushinda kitakushinda tena. Na ampea ndizo zinazochemsha shaba: ukizizidisha mara mbili, joto linazidi mara nne. Joto hilo ndilo linaloyeyusha giya za nailoni, kwa mota zilizo nazo, na kudhoofisha sumaku.

Kwenye tambarare joto huja kwa njia nyingine. Kutoka kilomita 25 hadi 33 kwa saa, upepo unakusukuma nyuma kwa nguvu inayokaribia mara 1.75 ya ile ya awali. Mota inavuta zaidi muda wote, si wakati wa kuondoka tu. Breki nazo zinabeba ongezeko hilohilo kila unaposimama, na breki za waya za baiskeli ya bei nafuu hazikuundwa kwa kazi hiyo. Pikipiki za umeme za bodaboda, ambazo nyingi hutumia volti 72, zilipangwa hivyo tangu kiwandani, pamoja na fremu, matairi na breki zake.

Kuna jambo jingine watu hulipita. Kontrola ya volti 36 hukata umeme betri ikishuka hadi 30 au 31. Betri ya seli 13 ikifika huko, kila seli ina volti 2.3 au 2.4 tu, chini ya kiwango cha usalama. Kabla ya hapo mishale ya chaji kwenye kioo itakuwa ikionyesha betri imejaa kwa muda mrefu wa safari. Ulinzi pekee unaobaki ni bodi iliyomo ndani ya betri yenyewe, na katika betri za kuungwa mitaani bodi hiyo ama ni dhaifu au haipo. Kontrola ya volti 48 hukata mapema zaidi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuinunua.

Mwisho, chaja. Ya betri mpya hutoa volti 54.6, na plagi yake yaweza kufanana kabisa na ile ya zamani. Ikichomekwa kwenye betri ya volti 36 na bodi ya ulinzi ikashindwa kukata, seli za lithiamu zitajazwa kupita kiasi na zinaweza kuwaka moto ndani ya nyumba watu wakiwa wamelala. Badilisha plagi ya mojawapo siku hiyohiyo ya kufunga betri mpya, zisiweze kuingiliana.