Saa ya Refa na Nauli ya Timu Ndogo

Tangu Julai 2025 kipa haruhusiwi kukaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde nane. Akizidisha, wapinzani wanapewa kona. Refa huinua mkono na kumhesabia sekunde tano za mwisho kwa vidole, uwanja mzima ukiona. Hapa Vamizi mwenye kuinua mkono huo ni mimi, na sheria hii naipenda kwa moyo wote.

Kisiwa chetu ni chembamba, urefu wake kama kilomita 12, huku juu kabisa kwenye pwani ya Cabo Delgado. Kijiji kiko upande wa magharibi, na uwanja wetu ni ule mchanga unaobaki mgumu maji yakitoka. Siku za bamvua maji yanakupwa mbali, tunacheza kwa nafasi. Siku za maji mafu tunabanana. Wachezaji ni vijana wa kijiji na wavuvi wa dago, yaani kambi ya muda ya uvuvi; wavuvi hao wengi wamekuja na majahazi kutoka Mtwara, Msimbati na Kilwa. Uwanjani wanaitana kwa Kimwani na Kiswahili, na kadi na penalti wanazitaja kwa Kireno. Saa ninayo mkononi, lakini mwenye mamlaka ya mwisho ni bahari. Maji yakianza kurudi, mechi imekwisha, aongoze anayeongoza. Timu iliyotangulia kufunga inalijua hilo vizuri, na kipa wake akidaka mpira huulalia kama aliyeletewa godoro.

Sheria ya zamani ilisema sekunde sita, na adhabu yake ilikuwa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja ndani ya boksi. Marefa wa dunia nzima waliikwepa. Nani anataka ukuta wa watu kumi na mmoja juu ya mstari wa goli, makelele na kusukumana, kwa kosa la sekunde mbili tatu? Adhabu ilikuwa nzito kuliko kosa, kwa hiyo haikutolewa. Bodi ya sheria za mpira, IFAB, ilipokutana Belfast Machi 2025, ilifanya jambo la busara: ikaongeza muda kidogo, ikapunguza adhabu. Kona ni kitu ambacho refa yeyote ana moyo wa kukitoa.

Sisi wa Msumbiji hatuna haja ya kufundishwa thamani ya dakika za mwisho. Januari 2024, katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Ivory Coast, timu yetu ya taifa, Mambas, walikuwa mbele ya Misri 2-1 kwa magoli ya Witi na Clésio. Dakika ya saba ya nyongeza Mohamed Salah akasawazisha kwa penalti. Siku nane baadaye Ghana walikuwa wanaongoza 2-0 dakika 90 zinakwisha. Geny Catamo akafunga penalti, kisha ikaja kona, na Reinildo akaiweka wavuni kwa kichwa. Muda uleule wa nyongeza ulitunyang'anya ushindi, ukatuokoa na kipigo, ndani ya mashindano yaleyale. Na wapo walioonja mabaya zaidi: Januari 2022 pale Limbe, Kamerun, refa Janny Sikazwe alipuliza filimbi ya mwisho ya Tunisia na Mali kabla dakika 90 hazijatimia. Kwa hiyo mtu akiniambia muda ni jambo dogo, namwomba akae na mashabiki wa Tunisia nusu saa tu.

Wenzetu wa Marekani walikuwa na ugonjwa huu katika mchezo wao wa besiboli, tena umekomaa, kwa sababu mchezo wenyewe hauna saa. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo na kukimbia kutoka kituo hadi kituo; kila timu inapiga mpaka watu wake watatu watolewe, kisha zamu inageuka, mpaka raundi tisa. Hakuna dakika 90 za kuwafukuza. Mrushaji alikuwa anazunguka pale kwenye kituta chake, anapangusa jasho, anatazama mbali. Mpigaji naye anatoka kwenye boksi lake, anafungua glavu, anazifunga tena. Mwaka 2021 mechi ya raundi tisa katika ligi kuu yao ilichukua wastani wa saa tatu na dakika 10. Watazamaji walikuwa wanachoka, na vijana wanakwenda kutazama vitu vingine.

Mwaka 2023 wakaweka saa kubwa uwanjani. Mrushaji anapewa sekunde 15 kama hakuna mkimbiaji kituoni, na 20 kama yupo. Mwaka uliofuata hizo 20 zikapunguzwa kuwa 18. Akichelewa, mpigaji anahesabiwa mpira mmoja wa bure. Mpigaji asipokuwa tayari zikibaki sekunde nane, anahesabiwa kosa yeye. Msimu wa kwanza wa saa hiyo wastani ulishuka hadi saa mbili na dakika 40, na watu waliokwenda viwanjani wakapita milioni 70, karibu asilimia 10 zaidi ya mwaka uliotangulia.  

Nimeifuatilia habari ya saa hiyo kwa muda mrefu kwa sababu kuna jambo moja ambalo wanaotusimulia hawalisemi. Katika besiboli anayechelewesha hapati chochote. Raundi tisa lazima ziishe, hata usiku wa manane. Uzembe ule ulikuwa mazoea, na mazoea yanaondolewa kwa saa. Kwenye mpira wa miguu kila dakika inayolala chini ni mali ya anayeongoza, au ya yule anayetaka sare. Na anayetaka sare mara nyingi ni mnyonge aliye ugenini.

Watu wa pwani hii tuliijua Ndanda ya Mtwara, Wanakuchele, tangu ilipopanda Ligi Kuu ya Tanzania msimu wa 2014/15. Mtwara iko ng'ambo tu ya Ruvuma. Mvuvi wa huko akipiga dago hapa, na Ndanda anakuja nayo kwenye redio. Fikiria timu hiyo inatoka uwanjani kwake, Nangwanda Sijaona, inapanda basi kilomita zaidi ya 500 hadi Dar es Salaam, inakutana na Simba au Yanga yenye wachezaji walionunuliwa kutoka nchi nyingi za Afrika. Pointi moja ya ugenini kwa timu kama hiyo inaweza kuwa ndiyo inayoibakiza kwenye ligi. Kubaki kwenye ligi ndiko kunakoleta mgawo wa televisheni, mdhamini, na siku ile Simba au Yanga inapokuja Mtwara watu wanajaa mpaka ukutani na viingilio vinalipa madeni ya miezi. Kipa akilala chini dakika ya 80, analalia mishahara ya wenzake. Ndanda ilishuka daraja mwaka 2020.

Pamoja na hayo, mnyonge hana haki ya kuuficha mpira. Mtazamaji aliyelipa kiingilio Mtwara ana haki ya kuuona unachezwa kama yule wa Dar. Lakini anayetunga sheria ya sekunde nane na kuishia hapo amemnyang'anya maskini silaha yake, huku tajiri akibaki na zake zote. Saa lazima ije pamoja na mfuko.

Wamarekani, kwa ubepari wao wote, hilo wanalifanya kuliko sisi. Kila timu kati ya 30 za ligi kuu ya besiboli inaingiza asilimia 48 ya mapato yake halisi ya nyumbani kwenye chungu kimoja, kisha chungu kinagawanywa sawa kwa wote. New York inamlisha Kansas City, na Kansas City ilichukua ubingwa mwaka 2015. Sisemi kwamba huko kuna usawa. Hakuna kikomo cha mishahara. Los Angeles Dodgers walimsajili Shohei Ohtani Desemba 2023 kwa dola milioni 700 za miaka 10. Wapo pia wamiliki wanaoshutumiwa kuupokea mgawo na kuuweka mfukoni badala ya kununua wachezaji: mwaka 2018 chama cha wachezaji kiliziwekea timu nne malalamiko rasmi kwa jambo hilo, na mojawapo ilikuwa Oakland Athletics. Timu hiyo ilikaa Oakland tangu 1968, na baada ya msimu wa 2024 mwenye mali akaiondoa, ikaenda kupanga Sacramento ikisubiri uwanja wake ujengwe Las Vegas.

Msomaji wa Tanzania hilo halitamshangaza. Ihefu ilikuwa ya Mbarali, Mbeya. Leo inaitwa Singida Black Stars. Kitayosce ya Kilimanjaro iligeuka Tabora United. Mwenye fedha akija, timu inamfuata na kuwaacha waliokuwa wanaipigia ngoma. Ligi ya Tanzania ina fedha kuliko zamani, maana mwaka 2021 Azam Media walisaini mkataba wa haki za matangazo wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Hata hivyo tangu Azam FC ichukue ubingwa mwaka 2014, kombe halijatoka mikononi mwa Simba na Yanga. Nina furaha na Namungo ya Ruangwa, Lindi, iliyopanda mwaka 2019 na kufika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa pili tu. Ila Namungo ilikuwa na mlezi mkubwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, ambaye jimbo lake lilikuwa ni hilo, na uwanja wenyewe una jina lake. Wilaya zisizo na waziri mkuu zifanyeje?

Kwetu Msumbiji shida ya kwanza ni urefu wa nchi. Kutoka Pemba hadi Maputo ni zaidi ya kilomita 2,000, na basi halifai kwa timu inayotakiwa kucheza Jumapili. Kwa hiyo ligi kuu yetu, Moçambola, inategemea ndege, na ndege ndizo zinazoitoa roho. Msimu wa 2025 ulichelewa kuanza, na kiini cha tatizo kilikuwa fedha za usafiri. Klabu zinazodumu ni zile zenye kampuni mgongoni. Shirika la reli na bandari liliwazaa akina Ferroviário kila mji wenye kituo cha treni. Bwawa la Cahora Bassa linaibeba União Desportiva do Songo. Kampuni ya umeme iko nyuma ya Costa do Sol. Baía de Pemba ilipocheza Moçambola mwaka 2023 mkoa wetu wote ulisimama nayo, hata sisi wa visiwani ambao Pemba tunafika kwa nadra, na ilikuwa inashindana na reli, umeme na bwawa.

Na hapa ng'ambo yetu, bara, iko Afungi, penye mradi wa gesi wa TotalEnergies wa dola bilioni 20. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilifika mpaka visiwani, watu wakakimbia na majahazi. Machi 2021 Palma ikashambuliwa na mradi ukasimama. Filimbi ilikaa kimya siku hizo. Vijana waliorudi walirudi na njaa ya samaki, ya shule na ya mpira. Kama reli iliweza kuzaa timu katika kila mji, basi gesi ina deni Cabo Delgado: klabu yenye uwanja, basi na shule ya watoto, Palma penyewe. Nitalisema hilo kwa kila anayeniuliza habari za mpira.

Hata hivyo kuna kitu ambacho hakihitaji kumsubiri mfadhili, na kipo kwenye besiboli hiyohiyo. Timu ya ligi kuu kule inacheza mechi 162 kwa msimu, 81 nyumbani na 81 ugenini. Kwa ratiba yetu ya kwenda na kurudi kwa mechi moja moja, wangekuwa wamefilisika zamani. Wao wakisafiri wanakaa: mechi tatu au nne katika mji mmoja, siku kwa siku, kisha wanahamia mji wa jirani. Saa ya mrushaji imepata sifa zote kwenye magazeti, na hii ratiba hakuna anayeitaja, wakati kwa nchi kama yetu ndiyo yenye faida kubwa zaidi.

Hapa tunafanya hivyo tayari, kwa sababu petroli ya boti ni ghali. Timu ikivuka kutoka Olumbe inacheza na kijiji jioni ya kwanza na dago jioni ya pili, inalala kwa wenyeji, inarudi kwa mafuta yaleyale. Mpira wa miguu hauchezwi kila siku, miguu haikubali, lakini siku tisa zinatosha mechi tatu. Costa do Sol inatua Nampula Alhamisi, inacheza na Ferroviário Jumamosi. Kutoka Nampula hadi Nacala ni kama kilomita 200 za barabara. Inacheza huko Jumatano. Jumapili iko Pemba, na Jumatatu inapanda ndege ya kurudi. Safari moja ya ndege badala ya tatu. Pemba nao wakishuka Maputo wanawakuta Costa do Sol, Ferroviário na Black Bulls karibu karibu, na mechi zote tatu wanazimaliza bila kuhama nyumba ya wageni.