Kiti cha baiskeli: Umbo sahihi huepusha ganzi na maumivu

KATIKA milima ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, baiskeli ni chombo cha kazi. Katika Kata ya Titye, kama ilivyo katika maeneo mengine ya nyanda hizo, hubeba ndizi, maharage, maji na abiria. Waendeshaji wanaoumia kwa kukaa muda mrefu hudhani dawa ni kuongeza sponji kwenye kiti. Dhana hiyo si sahihi.

Mtu aliyeketi hubebwa na mifupa miwili iliyo chini ya nyonga. Kiti kinachofaa ni kile ambacho upana wake wa nyuma unaipokea mifupa yote miwili. Kikiwa chembamba kupita kiasi, uzito huhamia kwenye msamba, eneo lililo kati ya sehemu za siri na njia ya haja kubwa, ambako hupita mishipa ya damu na ya fahamu. Ikibanwa, mwendeshaji hupata ganzi.

Sponji laini mno huleta madhara hayo hayo, kwani mifupa huzama na sehemu ya katikati ya kiti huukandamiza msamba.

Mkao nao huamua umbo. Baiskeli ya mizigo, ambayo usukani wake umeinuka, humfanya mtu aketi wima, hivyo huhitaji kiti kipana chenye springi. Anayeinama, kama wafanyavyo washiriki wa mashindano, hufaa kiti chembamba zaidi. Wanawake kwa kawaida huhitaji kiti kipana kuliko wanaume.

Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwahusisha polisi 90 wa doria za baiskeli. Walitumia viti visivyo na ncha ya mbele kwa miezi sita, na malalamiko ya ganzi yakapungua sana.

Kwenye milima tahadhari huongezeka, kwa kuwa baiskeli inapopanda, ncha ya kiti huinuka pamoja nayo. Kwa hiyo kiti kifungwe kikiwa sawa kwenye ardhi tambarare. Kuhusu kimo, kisigino kikiwekwa kwenye pedeli iliyo chini kabisa, goti linyooke bila nyonga kuyumba.

Ganzi inayojirudia isichukuliwe kuwa sehemu ya kazi. Ikiendelea hata baada ya kiti kurekebishwa, mwendeshaji anapaswa kumwona daktari.