Twende Ujiji Tukajifunze

Ndugu msomaji, sisi watu wa Kalinzi tunaijua sana njia ya Ujiji. Twaenda kununua dagaa na migebuka, twaenda kuwatazama wagonjwa, kisha twarudi. Lakini ni wangapi kati yetu waliokwenda huko kwa nia moja tu, yaani kuutazama mji wenyewe na kujua habari zake? Mwezi uliopita tulikwenda watu watano wa parokia yetu, wanaume watatu na akina mama wawili. Nakuandikia haya ili nawe uwapeleke watoto wako.

Tuliondoka alfajiri. Gari liliteremka milimani, kati ya mashamba ya kahawa na migomba, tukapita Mwandiga, na asubuhi tukawa Ujiji. Usidhani utakuta huko kuta kubwa za mawe kama za Yerusalemu. Ujiji ni mji usio na ukuta. Una vichochoro, nyumba za udongo zenye baraza, misikiti, na miembe mikubwa. Wazee husema miembe hiyo ilipandwa katika njia ya misafara.

Mahali panapojulikana zaidi ni pale ambapo Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alimkuta Dokta Livingstone mwaka 1871. Mwembe wao ulikufa zamani, na mahali pake pamejengwa mnara wa mawe. Katika makumbusho mna sanamu za watu hao wawili wakisalimiana. Wageni wengi hutazama hapo, wakaondoka. Sisi tulitaka kujua zaidi: wazungu hao walifuata nini Ujiji, na mji huu uliishi kwa nini?

Jibu linahuzunisha. Ujiji ilikuwa bandari ya pembe za ndovu na watumwa. Watu walikamatwa Manyema, ng'ambo ya ziwa, wakavushwa kwa vyombo na kushushwa hapa. Kisha walitembea kwa miguu hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, wengine wamefungwa mnyororo shingoni. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini huku bara biashara hiyo iliendelea kwa miaka mingi. Katika Tanganyika utumwa ulifutwa na sheria mwaka 1922. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, biashara ilihamia huko, na Ujiji ukatulia.

Katika mji huo ndimo walimofika Mapadre Weupe wa kwanza, mwezi wa Januari 1879, wametumwa na Askofu Mkuu Lavigerie. Baadaye wengine walikwenda kukaa Rumonge, katika Burundi ya leo. Huko, tarehe 4 Mei 1881, Padre Deniaud, Padre Augier na mwenzao D'Hoop waliuawa. Ugomvi ulitokana na mtoto mmoja wa misioni, ambaye hawakukubali kumwacha. Tazama, msomaji: watu watatu walikufa kwa ajili ya mtoto mmoja, katika nyakati ambazo mtu aliuzwa kwa nguo na shanga.

Mchana tulikaa kivulini tukala ugali wa muhogo na migebuka. Mama mmoja kati yetu hakula vizuri. Tulipomwuliza, akatueleza. Kuna mwanamke amefika kwake, anataka kumchukua binti yake wa darasa la sita akafanye kazi za nyumbani katika mji wa mbali. Ameahidi kumfundisha cherehani na kuleta fedha kila mwezi. Baba wa mtoto yu karibu kukubali, maana nyumbani hali ni ngumu.

Mwenzetu mmoja akamwuliza, "Dada, mwanamke huyo unamjua?"

Akajibu, "Simjui. Nayajua maneno yake tu, nayo ni matamu."

Mzee wetu, aliyekuwa katekista, akasema, "Hata zamani, si wote waliokamatwa kwa bunduki. Wengine walidanganywa."

Msomaji, sisemi kwamba kila anayetafuta mfanyakazi ni mwuza watu. Wapo watu wema. Lakini mtu mwema haogopi maswali. Mwulize jina lake, mtaa wake, na ni nani anayemfahamu hapa kijijini. Mpeleke kwa mwenyekiti wa kijiji, aseme maneno yake mbele ya mashahidi. Na kama mtoto bado yuko shuleni, jibu ni moja: aendelee kusoma. Serikali yetu ilitunga sheria ya kuzuia biashara ya kuuza watu mwaka 2008. Kanisa nalo huwaombea watu hao kila tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Josefina Bakhita, ambaye mwenyewe aliuzwa utumwani akiwa mtoto.

Yule mama aliporudi alizungumza na mumewe, kisha wote wawili wakamtaka mgeni wao afike kwa mwenyekiti. Hakufika, wala hajaonekana tena. Binti yuko darasani.

Wengi waliopita Ujiji katika minyororo, leo hatujui hata majina yao. Mimi ni karani wa parokia, na kila mwezi naandika majina ya watoto wenu katika daftari la ubatizo. Basi wazazi, mtoto mliyemleta kanisani apewe jina, msimtoe kwa mtu msiyemjua jina.